Likizo na Mkwe

Watu wa Kabuchai huniuliza Ulaya kulikuwaje, nami huwajibu neno moja: ngazi. Wanadhani natania. Mji ule ulijengwa ubavuni mwa mlima, nyumba za chini zikigusa maji ya ziwa la Komo, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni kupanda au kushuka. Hapakuwa na tambarare hata ya kuanika mahindi. Nilishuka ngazi nikiwa na karai la nguo chafu kichwani, nikapanda na nguo mbichi, nikashuka tena na mtoto mgongoni, kisha nikapanda kwa sababu mtoto alisahau kofia. Wazungu walikuwa wanapumzika. Mimi nilikuwa nawapumzisha.

Naitwa Dinah. Mwaka wa hamsini na moja nilikuwa yaya kwa Bwana Holt, mwenye shamba la mahindi nje kidogo ya Kitale, upande wa Matisi. Mume wangu alikwisha kufa. Mtoto wangu pekee, Edah, alikuwa ameolewa na Wekoye, kijana mrefu, mpole, mchapakazi, ambaye sina neno baya juu yake. Ila kwa bahati yangu mbaya alikuwa mpishi wa Bwana Holt huyohuyo.

Asiye wa kwetu huenda asione ubaya uko wapi. Kwetu Wabukusu, mama na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatazamani machoni. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Na heshima hiyo ikivunjwa, anayeumia si mama wala mkwe, ni mtoto wa yule binti.

Edah alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajajua kutambaa. Alipopata mimba ya tatu, kina mama wa ukoo waliniita kando wakaniuliza waziwazi, "Dinah, huko kwa mzungu, wewe na mkwe hamgusani kweli?" Nikaapa kwamba hatugusani. Mimi ni mtu wa kanisa, na mchungaji wetu huyaita mambo haya ushirikina. Lakini mchungaji hajazika wajukuu wawili.

Pale shambani mambo yalikuwa rahisi. Jiko lilikuwa nyumba ya peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na katikati yetu alikuwapo Kibiwott, boi wa mezani, aliyebeba sahani na maneno. Wekoye alipotaka kutoka jikoni alikohoa mlangoni. Nikisikia kikohozi, nageuka, natazama ukuta au mti, mpaka nyayo zake zipotee. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo, na kina Holt hawakuona kitu.

Memsahib, mke wa Bwana Holt, aliponiambia wanakwenda Italia kupumzika, na kwamba nitafuatana nao kumtunza mtoto wao Meri, nilimweleza kuwa nina binti mjamzito. Akasema tutarudi mapema, na kwamba yaya asiyetaka safari ni yaya asiyetaka kazi. Basi nikafunga mzigo. Asubuhi ya safari, kwenye stesheni ya Kitale, nikamwona Wekoye amesimama na sanduku la sufuria. Memsahib hakuamini chakula cha wageni kwa mtoto wake. Wekoye naye aliponiona alishtuka, akatembea mpaka mwisho wa jukwaa akawa analichungua tangi la maji kama fundi aliyeitwa kulitengeneza. Nikatafuta Kibiwott kwa macho. Alikuwa anatupungia mkono. Yeye anabaki.

Garimoshi hadi Mombasa, kisha meli, kisha garimoshi jingine la baridi. Sitasimulia bahari, maana niliiona kidogo sana. Muda mwingi nilikuwa nimeinamia ndoo. Tulipofika ziwani nilionyeshwa mahali pa watumishi: jiko la chini, kando yake stoo yenye godoro la mpishi, na juu yake chumba changu. Mlango mmoja, paa moja. Nilikaa juu ya mzigo wangu nikalia, jioni ile ile, huku Memsahib akiwa kwenye veranda anamwambia mumewe jinsi milima ilivyopendeza.

Wekoye hakungoja kuambiwa. Alikunja godoro lake, akashuka ngazi, akaenda kulala kwenye banda la mashua, pale maji yanapopiga. Banda lilikuwa wazi upande mmoja. Nilimwona kwa mgongo tu, akitandika juu ya nyavu, na moyo wangu ukamshukuru.

Banda lile lilikuwa la Batista, mvuvi aliyekodiwa na Bwana Holt awatembeze ziwani. Siku ya kwanza aliniona na karai kichwani akasimama kama aliyepigwa kofi, kisha akapiga kelele, "Jambo mama! Mimi kaa Kitale!" Kumbe alikuwa mfungwa wa vita, akaletwa kwetu kulima mahindi ya Wazungu, na Kiswahili chake alikiokota shambani humo. Nilifurahi mpaka nikasahau karai. Nikamweleza shida yetu na kumwomba awe Kibiwott wetu. Alicheka, halafu akaona sicheki.

"Mama ya mke hapana ona bwana? Hapana sema na yeye?"

"Hapana."

Akatazama ngazi za nyumba yake, ambako mama mkwe wake alikuwa anakung'uta zulia huku akimfokea mtu. "Hii maneno mzuri sana," akasema. "Sisi hapana iko."

Basi tukaishi. Wekoye aligundua kwamba watu wa kule hupika ugali wa unga wa manjano, wanausonga kwenye sufuria ya shaba kwa mwiko mrefu kama sisi, na siku hiyo nilimsikia akiimba. Aliweka sahani yangu kwenye jiwe la chini la ngazi, akakohoa, akaondoka. Nami nikashuka, nikala nikiutazama ukuta. Yeye alikula mbali, akiutazama mlima. Batista alipokuwa ziwani, mjumbe wetu alikuwa Meri.

"Meri, mwambie mpishi leo chumvi imezidi."

"Wekoye! Chumvi imezidi!"

"Mwambie yaya chumvi ya huku ni kali, si makosa yangu."

"Yaya! Chumvi ni kali!"

Mji mzima ulisikia habari za chumvi. Ulikuwa mji mzuri, sikatai. Nyumba za rangi ya waridi na ya chungwa, maua madirishani, kengele ya kanisa ikilia na mlima wa pili kuitikia. Wageni walikuja kutoka mbali kuutazama tu. Lakini mimi niliutazama nikiwa nimepiga magoti pale pa kufulia ukingoni, mikono imekufa ganzi kwenye maji ya baridi kati ya wanawake wa Kiitaliano waliokuwa wakipiga nguo na kusengenya, na nilichofikiria ni tumbo la Edah. Limeshuka? Analala vizuri? Nani anamchotea maji? Uzuri wa mahali nao unataka mtu mwenye nafasi.

Memsahib ndiye aliyenichosha kuliko ngazi. Alituona hatuangaliani, akaamua tumegombana.

"Dinah, wewe hapana penda Wekoye? Kwa nini? Hapa ni likizo. Watu yote nafurahi."

Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande, kisha akacheka kwa upole na kusema Kabuchai iko mbali, hapa hakuna wa kutuona. Jioni moja alituita jikoni, akatukalisha meza moja, akatupakulia kwa mkono wake mwenyewe, akatoka akitabasamu. Tulikaa vichwa chini mpaka samaki wakaganda na mafuta yao. Hakuna aliyegusa kijiko. Mwisho Wekoye akakohoa, mimi nikafumba macho, naye akatoka. Nililala na njaa, na nina hakika yeye pia.

Mwezi wa nane mvua ikaanza, na upepo wa mlimani ukashuka mpaka ziwani. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kabila lingine asingeweza kulifanya.

Wekoye alianza kukohoa zaidi. Akiwa jikoni nasikia kikohozi, nageuka. Nikiwa kwenye ngazi nasikia kikohozi, naupa uso ukuta. Akikohoa mara nyingi, mimi nageuka mara nyingi, na moyoni nikawa namsifu: kijana gani huyu mwenye adabu, hata ugenini anazidisha heshima. Siku nyingine alikohoa mfululizo nami nikasimama nikiutazama ukuta kwa muda mrefu, nikidhani anasitasita tu kupita. Shingo iliniuma kwa kumheshimu. Sikuwahi hata mara moja kuutazama uso wake nione umekonda kiasi gani, kwa kuwa sikutakiwa kuutazama.

Siku moja kina Holt waliondoka na mashua ya Batista kwenda ng'ambo kuona bustani fulani yenye sifa, walale huko na kurudi kesho yake. Meri walimchukua. Tulibaki sisi wawili, bila mjumbe. Nikaona si neno. Tutakaa kimya, tutapumzika na sisi. Kesho yake ziwa likachafuka, mawimbi yakapanda mpaka kwenye ngazi, na mashua haikurudi.

Asubuhi hiyo nilishuka kuchukua chai yangu kwenye jiwe. Hapakuwa na chai. Nikasikia kikohozi bandani, nikageuka nikautazama ukuta, nikangoja apite. Hakupita. Kikohozi kikaendelea, kizito, chenye kukwaruza, kisha kikakatika ghafla, na baada yake nikasikia mlio mdogo wa mtu anayetafuta pumzi. Nilikuwa bado nautazama ukuta. Hapo akili ikanijia.

"Wekoye!" nikaita. Sikuwa nimewahi kulitamka jina lake mbele yake.

Alikuwa amelala juu ya nyavu, blanketi limelowa, midomo imepauka, ubavu mmoja unapanda na kushuka haraka. Kichomi. Nimewaona watu wakifa kwa kichomi. Nilipanda ngazi zile mbio mpaka milangoni mwa wale wanawake wa kufulia, nikawaonyesha kifua changu, nikapumua kama yeye. Hawakuniuliza swali. Wawili walikuja nami, mmoja alikwenda kumtafuta daktari.

Daktari alikuwa mzee mwenye viatu vyenye matope. Alimpiga sindano, akaionyesha ile sehemu ya wazi ya banda na kutikisa kichwa kwa hasira, akawaita wanaume wambebe. Wakambeba mpaka chumbani kwangu. Wakamlaza kitandani kwangu. Daktari akanieleza mambo mengi ambayo sikuyaelewa. Kisha akaona sielewi, akaushika mkono wangu na kuukandamiza juu ya kifua cha mkwe wangu, akausugua juu na chini, akanionyesha maji, kitambaa, na jinsi ya kumwinua aketi apumue. Wale wanawake walirudia neno moja, "madre, madre," huku wakininyooshea kidole, na nilijua wanasema mimi ni mama yake. Kisha wote wakaondoka, kila mtu na kazi zake.

Nikabaki nimesimama na mkono wangu mbele yangu. Ulikuwa na joto la mwili wake. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilikasirika pia: na Memsahib na bustani zake, na banda, na ziwa, na zile kuta zote nilizozitazama wakati mtoto wa watu anaharibika nyuma yangu.

Wekoye akafumbua macho. Akaniona, akajaribu kujifunika.

"Mama, toka," akasema. "Si unajua hali ya Edah?"

"Najua."

"Basi toka. Huyo mtoto itakufa juu yangu. Wacha mimi nikufe, ataolewa tena."

"Ati aolewe tena. Nani amekuuliza? Huyo mtoto atataka baba. Inua mkono nikutoe hiyo shati."

Alilia. Mimi nililia pia, lakini mikono yangu ilikuwa na kazi. Nilimvua, nikamwosha mwili mzima kama nilivyomwosha baba yangu alipozeeka, nikamvika nguo kavu za Bwana Holt bila ruhusa. Nilimwegemeza begani kwangu nikamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Kila nilipomgusa nilimwambia Mungu kwamba kama kuna wa kulipa, nimesimama hapa, asimfuate mtoto. Sikujua kama anasikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa mtu wa kanisa.

Mashua iliporudi homa ilikuwa imeanza kushuka. Memsahib alipanda moja kwa moja akitafuta chai, akatukuta: Wekoye kitandani, mimi nimemshika shingo, kikombe mdomoni mwake. Akapiga makofi.

"Ah! Sasa nyinyi rafiki!"

Alifurahi kweli, machozi yalimlengalenga. Sikuwa na nguvu za kumkasirikia. Nilimwambia tu kwamba chai itachelewa.

Wekoye alipona polepole. Aliporudi kusimama, alirudi pia kukohoa mlangoni, nami nikarudi kugeuka, kama watu wanaofunga mlango wa nyumba iliyokwisha kuibiwa. Kwenye meli ya kurudi hatukuonana, ila siku moja nilikuwa ukingoni natazama maji na nikasikia sauti yake nyuma yangu. Alikuwa amenipa mgongo.

"Mama, hakuna mtu wetu alituona. Kule ni mbali sana. Hiyo maneno tuache huko huko."

"Nimesikia," nikayaambia maji.

Na nilitaka. Mungu anajua nilivyotaka. Mgongo uliniuma, magoti yalijaa, sikuwa nimelala usingizi wa maana tangu Kitale. Katika dunia nzima nilitaka kitu kimoja tu: kufika, kuketi, na kupakatishwa mjukuu. Nikisema, sitamgusa mpaka wazee waje watutakase, na watu wa kina Wekoye wakitaka wanaweza kusema ndoa imeingia doa. Nikinyamaza, naletewa mtoto siku hiyohiyo.

Kibiwott alikuwa stesheni. Hata salamu hakumaliza. "Edah amezaa! Msichana. Ako mzima, analia kama king'ora!" Nilishika nguzo. Wekoye, kule mwisho wa jukwaa, alikaa chini juu ya sanduku la sufuria akafunika uso.

Nilipanda lori la kwenda Kimilili siku hiyo. Yeye angefuata kesho, maana hatuwezi kupanda pamoja. Kutoka barabarani nilitembea mpaka Kabuchai. Edah alikuwa uani. Aliponiona alikuja mbio, mtoto mikononi, akamnyoosha kwangu hata kabla ya kunisalimu.

"Mama, shika mjukuu wako."

Niliuona uso ule mdogo, umekunjamana, unapiga miayo. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kwenda. Nikaivuta nikaiweka nyuma ya mgongo.

"Usinipe," nikasema. "Nimemgusa mume wako."

Edah alimrudisha mtoto kifuani, akapiga hatua nyuma. Sitausahau uso wake. Nikamweleza yote palepale nimesimama, mzigo bado kichwani: banda, kikohozi, kuta, kichomi, kuosha.

"Ulimwosha?"

"Mwili wote."

"Na ungeacha?"

"Angekufa."

Akasema kwa sauti ndogo, "Si ungenyamaza tu, mama. Nani angejua?"

"Mimi. Siku huyo mtoto akipata hata mafua, wewe utasema ni mafua. Mimi nitasema ni mikono yangu."

Aliingia ndani na mtoto. Nikajua nimemkosa mmoja kwa kutaka kumhifadhi mwingine, nikakaa chini ya ukuta. Baada ya muda akatoka, akautua mzigo wangu kutoka kichwani, kwa maana nilikuwa nimesahau kuutua, akakaa kando yangu, mtoto akiwa upande wake wa mbali. Akaniegemea.

Nililala kwa jirani mpaka mzee Wepukhulu, baba mdogo wa Wekoye, alipofika kutoka Naitiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alikuwa mtu wa kunung'unika tu, anayelalamikia matope ya njiani. Kondoo akachinjwa, wakatupaka majani yaliyotolewa tumboni mwake, kututakasa, mimi upande huu wa ua, Wekoye upande ule nyuma ya ghala. Mzee akatuuliza mbele ya watu kilichotokea, tukasema.

"Sasa huko kwenyewe mlienda kufanya nini?" akauliza.

"Likizo," nikasema.

"Likizo ndiyo nini?"

"Ni mtu kuenda mbali, kupumzika."

Akanitazama magoti, akanitazama macho. "Na mlipumzika?"

Wote walicheka, hata Edah. Mimi nilicheka mpaka nikashindwa kusimama sawasawa. Mzee akanawa mikono, akasema imekwisha, ndoa ni ndoa, mtoto apewe bibi yake. Edah akaja naye.

"Lete kiti kwanza," nikasema. "Nimechoka."

Nikaletewa kiti, nikaketi, nikapakatishwa mtoto. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa bado namtazama vidole nikasikia kikohozi nyuma ya ghala. Wekoye alitaka kupita kwenda kwake. Nilitakiwa kugeuka. Lakini niliinua macho nikamtazama kwanza, usoni, nione kama ni kikohozi cha heshima au cha ugonjwa. Kilikuwa cha heshima. Ndipo nikampa mgongo, apite.